Mpira Ukishagusa Ardhi: Kwa Nini Wanagofu Hawapatani Kuhusu Linksi

Mwaka 1946 Mmarekani Sam Snead alikuwa kwenye treni iliyokuwa ikikaribia mji wa St Andrews, Uskoti. Akachungulia dirishani, akaona uwanda wenye mabonde na matuta, nyasi zilizopauka, na hakuna mti hata mmoja. Akauliza ule ni uwanja gani wa gofu uliotelekezwa. Kumbe alikuwa akiutazama Old Course, uwanja unaoheshimiwa kuliko wowote katika mchezo huo, na ndio aliokuwa amevuka bahari kuja kuuchezea. Wiki hiyohiyo alishinda hapo mashindano ya The Open, ubingwa wa wazi wa Uingereza, kwa tofauti ya mikwaju minne, maana katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Mwaka uliofuata hakurudi kutetea taji lake.

Miaka 25 kabla yake, kijana wa miaka 19 aitwaye Bobby Jones alifika hapohapo na uwanja ukamshinda. Katika raundi ya tatu ya The Open ya 1921 alitumia mikwaju 46 kwa mashimo tisa ya kwanza. Alipofika shimo la 11, mpira ukanasa kwenye bunka, yaani shimo la mchanga, akauokota akajitoa mashindanoni. Lakini Jones alirudi. Mwaka 1927 alishinda The Open pale St Andrews, na mwaka 1930 akashinda hapo ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza. Mwaka 1958, mji huo ulipomtunuku heshima ya kuwa mwenyeji wake, alisema kwamba hata akinyang'anywa kila alichopitia maishani akaachiwa yale ya St Andrews peke yake, bado maisha yake yangekuwa yamejaa.

Wawili hawa walikuwa mabingwa wa daraja moja, na wote walitwaa kombe kwenye ardhi ileile. Mmoja aliondoka na kombe bila mapenzi; mwingine aliupenda uwanja ule mapenzi ya kufa na kuzikana. Tangu hapo mpaka leo ugomvi haujaisha. Kuna wanagofu wanaosema kwamba kama si linksi, yaani uwanja wa mchanga wa pwani kama huo, si gofu kamili. Kuna wengine, tena wachezaji hodari, wanaosema linksi ni kamari iliyovishwa nguo za mchezo, na kwamba uwanja wenye miti, maji na nyasi za kijani ndio unaompa kila mtu haki yake.

Wengi huueleza ugomvi huu kama suala la mandhari, bahari upande mmoja na miti upande wa pili. Nadhani hapo ndipo mazungumzo yanapopotea njia. Kinachowatenganisha ni swali moja: mkwaju unaisha lini? Kwa aliyelelewa kwenye viwanja vya miti, mkwaju huisha mpira unapotua. Kwenye linksi, mpira ukitua ndipo nusu ya pili ya mkwaju inapoanza, na nusu hiyo si yako peke yako. Ni yako na ardhi.

Kwanza tulisafishe neno lenyewe, maana limechakazwa na matangazo. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya mwinuko au ukingo wa ardhi. Waskoti walilitumia kuita ukanda wa mchanga ulio kati ya ufuko na mashamba. Ukanda huo ni zao la enzi ya barafu. Barafu nzito ilipoyeyuka, ardhi iliyokuwa imekandamizwa ikaanza kuinuka taratibu, bahari ikarudi nyuma, na fuko za kale zikabaki juu. Upepo ukauzoa mchanga ule ukaurundika kuwa matuta. Nyasi ngumu za pwani zikaota zikayashika matuta yasihame, na nyuma yake, palipotulia, zikaota nyasi nyembamba na fupi. Kwa mkulima ilikuwa ardhi ya hasara, kwa kuwa mchanga wake haukushika maji wala mbolea. Ikaachiwa kondoo na sungura, nao wakazikata nyasi kwa meno yao karne nyingi kabla ya mashine ya kukatia nyasi kubuniwa. Kondoo walipojibanza kwenye vibonde kukwepa upepo, nyasi zilichakaa na mchanga ukafumuka. Inasimuliwa kwamba bunka za kwanza zilizaliwa hivyo.

Kwa hiyo gofu ilikuta uwanja uko tayari. Haukuchorwa na mtu. Mchezo ulikuwa umekolea kiasi kwamba mwaka 1457 bunge la Mfalme James II wa Uskoti liliupiga marufuku, kwa sababu watu waliacha mazoezi ya upinde na mshale wakawa wanashinda wakipiga mpira. Hata idadi ya mashimo 18 ilitoka kwenye ardhi hiyo. St Andrews walikuwa wakicheza mashimo 22, na mwaka 1764 waliunganisha baadhi yake yakawa 18, na dunia nzima ikafuata. Ukanda ule ni mwembamba, hivyo mchezaji hutoka klabuni akaenda mbali, kisha akageuka kurudi alikotoka. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ndiyo maana pale Old Course mashimo 14 yanagawana grini saba tu, yale maeneo ya nyasi fupi kabisa yenye shimo, mawili mawili, moja la kwenda na jingine la kurudi. Ukijumlisha namba za kila jozi unapata 18: la pili na la 16, la tatu na la 15, na kuendelea hivyo hivyo.

Umbo hilo lina matokeo yake kwa mchezaji. Upepo uliokubeba mgongoni muda wote wa kwenda utakungoja usoni wakati wa kurudi, au kinyume chake. Muirfield, pia Uskoti, walipata dawa ya jambo hilo: mashimo tisa ya kwanza yanazunguka upande mmoja na tisa ya pili yanazunguka ndani yake kinyume, ili upepo usikupige pembe moja kwa muda mrefu. Wapo wanaoupenda Muirfield kuliko linksi nyingine zote kwa sababu hiyo tu, nami siwalaumu.

Maana hiyo ya kijiolojia inawatoa wengi kwenye orodha. Pebble Beach, California, uliofunguliwa mwaka 1919, uko kando kabisa ya bahari ya Pasifiki na ni miongoni mwa viwanja vizuri kuliko vyote duniani, lakini umekaa juu ya majabali. Si linksi. Whistling Straits, Wisconsin, uliofunguliwa mwaka 1998, una kila dalili machoni, kuanzia matuta na nyasi ndefu zinazoyumba hadi bunka zinazokaribia elfu moja. Ila matuta yale yalimwagwa na kuchongwa kwa mashine chini ya usimamizi wa mchoraji wa viwanja Pete Dye, kwenye eneo lililokuwa tambarare, kando ya Ziwa Michigan. Mwaka 2010 Dustin Johnson, akiwania ubingwa wa PGA pale, aliishusha fimbo yake kwenye mchanga uliokuwa umekanyagwakanyagwa na watazamaji, bila kutambua kwamba alikuwa ndani ya bunka, ambamo kufanya hivyo ni kosa. Adhabu ya mikwaju miwili ikamnyima nafasi ya kuingia mchujo wa kuamua mshindi. Uwanja unaweza kuiga sura ya linksi. Udongo ndio mgumu kuiga, na udongo ndio wenye kauli.

Chukua mkwaju wa yadi 150. Kwenye uwanja wa miti, wenye udongo wa mfinyanzi na nyasi nene zinazomwagiliwa, hesabu yake ni nyepesi. Unachukua fimbo inayopeleka mpira yadi 150, unaupiga juu, unatua karibu na bendera, unaruka kidogo na kusimama. Ukipiga vizuri unalipwa papo hapo. Sasa hamia linksi, siku kavu, upepo uko mgongoni. Mkwaju uleule, uliopigwa kwa ufundi uleule, utagonga grini na kudunda kama umegonga sakafu, ukapitiliza hadi nyuma kwenye nyasi ndefu. Inabidi uutue yadi 20 au 30 kabla ya grini, uuache ukimbie. Lakini utue wapi hasa? Kushoto kuna kituta kitakachoupeleka kwenye bunka, kulia kuna mteremko utakaouvuta kuelekea bendera. Ghafla swali la umbali limekuwa swali la kuisoma ardhi.

Mambo haya yanatokana na mchanga. Mvua ikinyesha, maji hupenya na kuondoka, ardhi inabaki ngumu hata wakati viwanja vya mfinyanzi vimekuwa matope. Nyasi zinazostahimili ardhi maskini namna hiyo ni feskyu na benti, majani membamba yasiyodai mbolea nyingi. Mpira haukai juu ya mto wa majani. Unakaa karibu na udongo wenyewe. Weji, fimbo ya kuuinua mpira juu, ambayo kwenye nyasi nene hupenya chini ya mpira kwa raha, hapa hudunda na kuupiga mpira tumboni, ukaruka kama risasi kuvuka grini. Ndiyo sababu utamwona bingwa wa dunia akiwa yadi 30 nje ya grini akichukua fimbo ya kusukumia, ile ya kutumbukizia mpira shimoni, na kuubiringisha juu ya vituta kama mtoto anayechezea gololi. Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani ni uoga. Ni hekima.

Halafu kuna upepo. Linksi haina miti ya kuuzuia, na mpira wa gofu ni mwepesi wa kutekwa. Mpira unaopigwa juu huzunguka kinyumenyume, na mzunguko huo ndio unaouinua. Upepo wa mbele unaukuza mwinuko huo, mpira unapaa kupita kiasi, unasimama hewani na kuanguka mfu. Mtu akijaribu kushindana nao kwa kupiga kwa nguvu zaidi, anaongeza mzunguko, na mambo yanazidi kuharibika. Anayejua hupunguza nguvu, huchukua fimbo kubwa zaidi na kuupeleka mpira chini. Kwa muda mrefu Waingereza walikuwa na msaada mwingine: sheria za R&A, chombo cha St Andrews kinachosimamia kanuni za gofu, ziliruhusu mpira mdogo wenye kipenyo cha milimita 41.15, uliopenya upepo vizuri kuliko ule wa Kimarekani wa milimita 42.67. The Open ililazimisha mpira mkubwa kuanzia 1974, na ule mdogo ukaondolewa kabisa katika sheria mwaka 1990. Wachezaji wa leo wanapambana na upepo wa linksi wakiwa na mpira ambao haukuzaliwa kwa ajili yake.

Upepo una madaraka hata juu ya grini. Wasimamizi wa linksi hawathubutu kuzikata grini fupi mno kama zinavyokatwa kwingine, maana mpira uliosimama utaanza kutembea wenyewe. Mwaka 2015 pale St Andrews upepo uliihamisha mipira hadi mchezo ukasimamishwa kwa saa nyingi siku ya Jumamosi, na mashindano yakamalizika Jumatatu. Anayelalamika kwamba grini za linksi ni nzito hajatazama angani.

Tukivuka upande wa pili, viwanja vya bustani, kama ninavyopenda kuviita vile vyenye miti na udongo mzito, vilienea pale gofu ilipoondoka pwani kuwafuata watu waliko. Miji mikubwa haikuwa na matuta ya mchanga. Ilikuwa na mashamba, misitu na viunga vya matajiri. Nyasi za huko huota nene, udongo hushika maji, na mti mmoja mmoja husimama kama mlinzi wa kona. Uzuri wake ni wa kweli. Kila shimo lina chumba chake, unacheza umezungukwa na utulivu, na macho yanaona mpira uende wapi. Kitu kinachodharauliwa na wapenzi wa linksi ni jinsi miti inavyofundisha. Inakudai uukunje mpira kushoto au kulia, uupitishe chini ya tawi au juu ya kilele, na inakuadhibu kwa uwazi kabisa. Uwanja wa linksi humficha mtu kosa lake. Mara nyingi hujui kama ulipiga vibaya au ulipiga vizuri ukaonewa.

Viwanja vya jangwani vilileta nyasi kama zulia lililotandazwa katikati ya changarawe. Uwanja wa Majlis wa Emirates Golf Club, Dubai, uliofunguliwa 1988, ulikuwa wa kwanza wa nyasi katika eneo hilo. Huko mpira unaruka kutoka kisiwa kimoja cha nyasi hadi kingine, na nje ya kisiwa hakuna mjadala. Mantiki hiyohiyo ilifikishwa mwisho na TPC Sawgrass, Florida, uliofunguliwa mwaka 1980, ambako grini ya shimo la 17 imezungukwa na maji. Ama uko juu yake au umezama. Kama linksi ni mazungumzo, Sawgrass ni hukumu.

Ningependa kukaa kidogo na kundi ambalo watu husahau, viwanja vya nyika ya mchanga. Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza waligundua kwamba kusini-magharibi mwa London kuna ardhi ya kichanga iliyojaa vichaka vifupi vya hetha vyenye maua ya zambarau, na kwamba mchanga ule, ingawa uko mbali na bahari, unanyonya maji kama wa linksi. Mwaka 1901 ukafunguliwa Sunningdale Old. Aliyeuchora ni Willie Park mdogo, mwana wa yule Willie Park aliyeshinda The Open ya kwanza kabisa, mwaka 1860 pale Prestwick, ambapo wachezaji wanane walizunguka uwanja wa mashimo 12 mara tatu kwa siku moja. Baba alishinda kwenye matuta ya pwani. Mwana akaichukua tabia ya ardhi ile akaipeleka bara. Sunningdale ina miti, ina kivuli, lakini mpira unakimbia. Jirani yake Walton Heath, wa 1904, ni hivyohivyo, na ukanda wa mchanga wa Melbourne, Australia, ambako mchoraji wa viwanja Alister MacKenzie aliacha alama yake pale Royal Melbourne, ni ndugu yao wa mbali. Wanagofu wanaosema hawapendi linksi lakini wanapenda Sunningdale wananishangaza kidogo, kwa sababu wanachokipenda ni mchanga uleule. Wanachokiogopa ni upepo.

Hata Augusta National, nyumbani kwa mashindano ya Masters tangu 1934, una damu ya St Andrews. Bobby Jones, yule aliyeokota mpira wake, aliuanzisha akiwa na MacKenzie kwenye shamba lililokuwa kitalu cha miti na maua. Waliuchora kwa feawei pana, yaani njia za nyasi fupi za kuelekea grini, na bunka chache, ili mchezaji achague upande wa kuingilia grini, jambo alilofundishwa na Old Course. Kwa macho ni bustani ya mfalme. Kwa akili ni mtoto wa linksi.

Sasa turudi kwa wachezaji na upendeleo wao. Malalamiko makubwa dhidi ya linksi ni kwamba si ya haki, nami sioni sababu ya kuyapuuza. Mwaka 2002 Tiger Woods alifika Muirfield akiwa tayari ameshinda Masters na US Open za mwaka huo. Siku ya Jumamosi mvua na upepo wa baridi vikashuka wakati yeye akiwa uwanjani. Akamaliza kwa mikwaju 81. Kesho yake, kwenye uwanja uleule, alimaliza kwa 65. Tofauti ya mikwaju 16 ndani ya saa 24, na mtu hajabadilika. Kilichobadilika ni anga, na wachezaji waliopangiwa saa nyingine siku hiyo walipata anga nyingine. Mwaka 2011, Rory McIlroy alitoka Royal St George's akisema hapendi mashindano ambayo hali ya hewa inaamua kiasi kikubwa cha matokeo. Alishambuliwa sana kwa maneno hayo, lakini alikuwa anasema ukweli wake. Miaka mitatu baadaye alishinda The Open pale Hoylake.

Utetezi wa linksi si kwamba bahati haipo. Ni kwamba bahati inagawanywa mara nyingi mno kiasi kwamba, kwa mashimo 72 ya raundi nne, wenye kuivumilia hujitokeza juu. Tom Watson ndiye ushahidi nisiochoka kuutaja. Alishinda The Open kwa mara ya kwanza Carnoustie mwaka 1975, na mwenyewe amekiri kwamba miaka ile ya mwanzo hakuipenda linksi. Ile midundo ya ovyo ilimkera. Aliacha kugombana na ardhi, akaanza kuutazama kila mdundo kama sehemu ya mchezo, na akamaliza na makombe matano. Mwaka 2009, akiwa na miaka 59, alifika shimo la mwisho la Turnberry akihitaji mikwaju minne tu ili ashinde. Mkwaju wake wa kwenda grini ulipigwa vizuri. Ukatua, ukadunda, ukapitiliza nyuma. Alitumia mitano, akashindwa kwenye mchujo. Kwenye uwanja laini ule mpira ungesimama. Lakini jiulize pia: ni uwanja gani mwingine ungemfikisha mzee wa miaka 59 mahali pale, mbele ya vijana wanaompita kwa mbali kwa urefu wa mkwaju?

Hapo ndipo ninapoona upendeleo unavyofuata mwili na tabia ya mtu. Anayepiga mpira juu na kuusimamisha ghafla, na aliyejenga ufundi wake kwa miaka akijua kila fimbo inaenda yadi ngapi, linksi inamnyang'anya silaha yake kuu. Ni kawaida auchukie uwanja usioheshimu namba zake. Phil Mickelson alihangaika nao karibu miaka 20 kabla ya kushinda Muirfield mwaka 2013, na alifika huko kwa kukubali kupiga chini na kubiringisha. Kinyume chake, anayepiga mfupi na chini, ambaye kwenye uwanja wa maji hawezi kuvuka bwawa hata akiomba, kwenye linksi anapewa mlango wa mbele. Grini nyingi ziko wazi upande wa kuingilia, na ardhi inambebea mpira yadi ambazo mikono yake haina tena. Wazee wengi wa gofu huipenda linksi kwa sababu hiyo, ingawa hutaja historia kwanza.

Mwenye pupa hukutana na bunka za linksi na kujuta. Ni vishimo vya mviringo vyenye kuta za udongo na nyasi zilizopangwa kama matofali, na vingine vinamzidi mtu kimo. Humo mara nyingi hutoki kuelekea bendera. Unatoka pembeni, au kurudi nyuma. Na vinavuta, maana mteremko wa ardhi inayovizunguka huusukuma mpira ndani hata ukiwa umetua yadi kumi kando. Mwaka 2006, Hoylake ilipokuwa imekauka hadi rangi ya kahawia, Tiger Woods alitumia draiva, fimbo ya kupigia mbali kuliko zote, mara moja tu katika mashimo yote 72. Aliamua kukaa nyuma ya bunka zote, akubali mkwaju mrefu wa pili, na akashinda. Kwa wanaopenda nguvu ilikuwa wiki ya kuchosha. Kwangu mimi ni mchezo wa kufikiri uliochezwa kwa ukamilifu.

Wamarekani wenyewe wamekuwa wakisogea kuelekea ardhi ngumu. Oakmont, Pennsylvania, wa 1903, ulipandwa miti kwa wingi katikati ya karne ya 20, kisha kuanzia miaka ya 1990 klabu ikaikata kwa maelfu ili uwanja urudi wazi kama ulivyozaliwa. Pinehurst No. 2, kazi ya Donald Ross aliyekulia Dornoch penye linksi, uling'olewa ukoka wake mwingi wa pembeni mwaka 2010 na 2011 ili mchanga na vichaka virudi. Na kuanzia 1999, Bandon Dunes, Oregon, umewaonyesha wachezaji wa kawaida matuta halisi ya pwani, bila mikokoteni ya umeme, kutembea kwa miguu tu. Hata hivyo jaribio la kuhamisha linksi lina mipaka. Chambers Bay, uliojengwa kwenye machimbo ya mchanga na changarawe karibu na Tacoma, uliandaa US Open ya 2015 kwenye grini za feskyu. Nyasi nyingine zilikuwa zimeingia kati ya feskyu, grini zikawa na mabaka, mipira ikarukaruka, na wachezaji wakalalamika waziwazi. Baadaye klabu ilibadilisha grini zake ikapanda nyasi aina ya poa, zile zilizokuwa zimevamia. Mchanga ulikuwepo, upepo ulikuwepo. Nyasi zilikataa.

Kwa hiyo mtu akiniambia hapendi linksi, humuuliza kwanza aliichezea siku gani, mara ngapi, na alijaribu kuupeleka mpira juu au chini. Raundi moja kwenye mvua ya upande haitoshi kuihukumu, kama vile raundi moja kwenye jua tulivu haitoshi kuipenda. Linksi isiyo na upepo ni uwanja mwepesi kuliko sifa zake. Lakini kama ameichezea mara kumi na bado moyo wake uko kwenye miti, hana kasoro. Anataka mkwaju mzuri ulipwe, na hilo ni dai la heshima.

Kuna shimo moja ambalo pande zote mbili hulitumia kama ushahidi. Ni la nane pale Royal Troon, linaloitwa Postage Stamp, yaani stempu ya barua, kwa udogo wa grini yake. Lina yadi 123, fupi kuliko yote katika viwanja vinavyoandaa The Open. Mwaka 1950 Mjerumani Hermann Tissies, mchezaji wa ridhaa, alizama kwenye bunka ya upande mmoja, akatoka akaingia ya upande wa pili, akarudi, na akamaliza shimo hilo kwa mikwaju 15. Mwaka 1973 Gene Sarazen, akiwa na miaka 71, alisimama kwenye tii, mahali pa kuanzia shimo hilohilo, na fimbo namba tano na kuupeleka mpira chini kwenye upepo. Ukatua kwenye grini, ukabiringika, ukatumbukia shimoni. Siku ya pili mpira wake ukaangukia bunka. Akaupiga kutoka mchangani, nao ukaenda moja kwa moja shimoni. Raundi mbili, mikwaju mitatu, na fimbo ya kusukumia haikuguswa.